Vazi la nyigu, macho ya nzi

Bibi aliinua ncha ya kanga yake ampige. Mdudu alikuwa amesimama hewani karibu na sikio lake, mweusi mwenye pete za njano, akivuma kwa sauti nyembamba, haendi mbele wala harudi nyuma.

"Nyigu huyo," alisema. "Sogea huku mjukuu wangu, atakuuma."

"Mwache kidogo, bibi. Huyu hana mwiba."

"Hana mwiba, na kavaa hivyo?"

Ilikuwa Agosti, saa tatu asubuhi, umande umeshakauka, na mikorosho ya Kitaya ilikuwa imechanua. Vichala vya maua yake madogo, meupe yanayogeuka mekundu kadiri yanavyozeeka, vilijaa wadudu wa kila namna: nyuki, sisimizi, vipepeo, nyigu wa kweli na nzi. Nilimwomba bibi tutulie tu, tusipunge mikono. Baada ya muda mdudu akatua kwenye ua akaanza kulamba chavua. Nikamwambia bibi amtazame kichwani kwa juu, asihangaike na zile pete za tumboni.

"Naona macho tu," alisema. "Kichwa kizima macho."

"Basi huyo ni dume."

Watu wengi nje ya Mtwara walilisikia jina la Kitaya kwa mara ya kwanza Oktoba 2020, wakati watu wenye silaha walipovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakakishambulia kijiji, wakaua na kuchoma nyumba. Sipendi mahali hapa pabaki panajulikana kwa mwezi ule peke yake. Kitaya, kata ya Halmashauri ya Mji Nanyamba, ni nchi ya mpunga bondeni na mikorosho na miembe juu ya bonde. Mto unaopita hapa unaendelea hadi baharini, unaingia kwenye mikoko iliyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Ukitembea siku moja tu, kutoka kwenye majaruba hadi kwenye mikorosho, unapita katika makazi ya nzi wa aina nyingi ambao karibu kila mtu huwaita nyigu au nyuki. Baadhi yao huanza maisha kwenye maji yaliyotuama na kuoza, wakiwa funza wenye mkia mrefu kama wa panya. Mkia huo ni bomba la kuvutia hewa. Wakikomaa huwa nzi wanene wenye rangi ya nyuki, na macho yenye madoa au mistari kana kwamba yamechorwa kwa kalamu.

Sijasikia jina lao wenyewe katika Kiswahili cha kila siku. Nitawaita nzi wa maua, kwa kuwa mauani ndiko wanakoonekana. Duniani zimeshaelezwa spishi zaidi ya 6,000 za familia hii, na Afrika kusini mwa Sahara kiasi cha 600.

Kumtambua kuwa ni nzi si kazi. Nyigu ana mabawa manne, nzi ana mawili. Mahali pa jozi ya pili amebakiwa na vijiti viwili vyenye vichwa kama njiti za kiberiti, vinavyopigapiga anaporuka na kumjulisha amegeukia upande gani. Ndiyo maana anaweza kusimama hewani kama aliyetundikwa kwa uzi. Vipapasio vya nyigu ni virefu na huchezacheza, vya nzi huyu ni vifupi mno, karibu havionekani. Lakini wapo waliokwenda mbali zaidi katika kuiga. Nzi wa kundi la Ceriana, ambao Afrika tunao, wana vipapasio virefu vilivyosimama juu ya kijiti, kiuno kilichobanwa, na ukingo wa mbele wa bawa uliotiwa giza ili lifanane na bawa la nyigu lililokunjwa kwa urefu. Amerika ya Kaskazini kuna nzi wa jenasi ya Spilomyia ambaye vipapasio vyake ni vifupi, basi huinua miguu ya mbele na kuipungapunga mbele ya uso, iwe ndiyo vipapasio.

Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon, ndiye aliyeeleza hila hii mwaka 1862, akizungumzia vipepeo. Ndege aliyewahi kuumwa au kuonja uchungu hukumbuka rangi. Asiye na silaha akivaa rangi hizo, ndege humpita. Vazi linalindwa na mwiba wa mwingine.

Hapo kuna jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Hata kwa nyigu wenyewe, mwiba anao jike tu. Mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuzwa silaha, kwa hiyo dume la nyigu, kama dume la nyuki, haliwezi kumuuma mtu hata likibanwa mkononi. Madume wa nyigu wanatembea wakilindwa na sifa za dada zao. Juu yao wanakuja nzi, madume kwa majike, wote wakiwa na vazi lilelile na hakuna hata mmoja mwenye mwiba. Ukitaka kujua nani ni nani katika kundi hili, rangi haikusaidii kitu. Inabidi uache vazi utazame mwili.

Yule wa sikioni mwa bibi alikuwa wa aina iitwayo Ischiodon aegyptius, mdudu mdogo wa karibu sentimita moja, anayepatikana karibu Afrika nzima. Macho yake ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Kwa dume, macho mawili makubwa yenye rangi ya kahawia iliyoiva yanakutana katikati ya kichwa, yanagusana kwenye mstari mmoja, hadi ukimtazama kwa juu unaona kofia ya macho. Kwa jike, macho hayakutani. Kati yake kuna njia, kama njia ya shambani inayotenganisha majaruba mawili, inayoanzia kwenye vipapasio hadi kisogoni. Huhitaji lenzi. Unahitaji subira ya kumwacha atue, na kichwa chako kiwe juu yake bila kivuli chako kumfunika.

Tofauti hii ipo kwa nzi wa maua wengi sana, na sababu yake imo katika maisha ya kila mmoja. Jike anatafuta maua na mahali pa kutaga. Dume anatafuta kitone cheusi kinachopita angani kwa kasi, kitone ambacho huenda kikawa jike. Sehemu ya juu na ya mbele ya jicho lake ndiyo inayofanya kazi hiyo, kwa hiyo imepanuka hadi macho yakagongana, na kwa spishi nyingi vile vijicho vidogovidogo vinavyounda jicho ni vikubwa zaidi upande huo.

Macho yasipotosha, mtazame mkiani. Fumbatio la jike linachongoka, na pingili za mwisho huingia moja ndani ya nyingine kama vipande vya darubini ya baharia, zikatoka anapotaga. La dume linaishia kwa uvimbe wa mviringo uliokunjwa chini, kama ngumi iliyofichwa. Uvimbe huo ndio viungo vyake vya uzazi, na vilijizungusha mzunguko mzima alipokuwa bado ndani ya pupa, kiasi kwamba ncha ya mwili wake haiko sawa kushoto na kulia. Wapo nzi wa maua, kama wale wa Ulaya waitwao Helophilus, ambao hata macho ya madume yameachana, na hapo mkia ndio shahidi pekee. Kwa Ischiodon kuna alama ya tatu, inayohitaji lenzi: pale mguu wa nyuma unapoungana na mwili, dume ana kijiba chembamba kirefu kama mwiba wa mchongoma. Jike hana. Mambo ya namna hii, jenasi kwa jenasi, yamekusanywa katika juzuu ya tatu ya kitabu kikubwa cha nzi wa Afrika kilichotolewa Afrika Kusini mwaka 2021, kazi ya wataalamu wa nchi nyingi.

Bibi hakuvutiwa na vitabu. Alitaka kujua kwa nini yule dume alimganda sikioni.

Jibu ni kwamba hakumganda yeye, aliganda mahali. Asubuhi yenye jua dume wa nzi wa maua huchagua kituo, mara nyingi mwanga unapopenya kati ya matawi, akasimama hapo hewani dakika nyingi. Ukisogea anakwepa, ukitulia anarudi palepale, kwa kipimo cha kidole. Kila kinachopita mbele yake anakifukuza: nyuki, kipepeo, nzi mwenzake. Ukirusha kijiwe kidogo anakiandama, kisha anagundua, anarudi. Tulijaribu kwa punje ya mchanga mkubwa, bibi na mimi na watoto wawili wa jirani, na watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mbele ya kituo hicho akipita dume mwingine, wanazungukana kwa kasi ambayo jicho la mtu halifuati, mmoja anabaki. Akipita jike wa aina yake, dume anamkamata hewani na wanaanguka pamoja kwenye jani, dume juu ya jike, kwa sekunde au kwa dakika kadhaa. Aina nyingine huruka wakiwa wameshikana.

Kasi hiyo ilipimwa na watu wawili wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, Thomas Collett na Michael Land. Mwaka 1975 walichapisha kazi yao juu ya nzi mdogo aitwaye Syritta pipiens. Jenasi ya Syritta ina ndugu wengi Afrika, wadogo wembamba, wenye mapaja ya nyuma yaliyovimba. Waliona kwamba sehemu ya mbele ya jicho la dume inaona kwa undani kuliko jicho la jike. Kwa hiyo dume anaweza kumwona jike kutoka umbali ambao jike hamwoni. Anamfuata nyuma kwa umbali wa kama sentimita 10, jike akipunguza mwendo naye anapunguza, jike akipinda naye anapinda, uso wake ukiwa umemwelekea wakati wote hata anapokwenda kiubavuubavu. Hamgusi mpaka jike atue. Hapo ndipo dume anapojirusha. Mwaka 1978 walirudi na nzi wakubwa zaidi wakaonyesha kwamba dume aliyesimama hewani hamfukuzi jike kwa kumfuata nyuma. Anapiga hesabu ya mahali jike atakapokuwa, akaelekea huko, kama golikipa asiyetazama mpira ulipo bali unapokwenda. Ubongo wa kufanya hesabu hiyo ni mdogo kuliko punje ya mtama.

Wafugaji wa kuku wanaofuga funza kwa chakula cha mifugo wanamjua mwigaji mwingine, nzi askari mweusi, Hermetia illucens. Huyu anafanana na nyigu wanaojenga vyumba vya udongo ukutani, na mwanzoni mwa fumbatio ana madirisha mawili yanayopitisha mwanga, yanayofanya kiuno kionekane chembamba kuliko kilivyo. Madume hukusanyika kwenye majani wakasubiri majike wapite, jambo lililoelezwa kwa kina na watafiti wa Marekani mwaka 2001, na wengi hupandana siku ya pili baada ya kutoka kwenye pupa. Wanataka jua. Mfugaji anayewafungia chumba cha giza ana nzi wengi na hana mayai.

Asubuhi ileile ya Kitaya, jike wa Ischiodon tulimpata saa tano, bondeni, kwenye kunde zilizopandwa baada ya mpunga kuvunwa. Huko hakuna kusimama hewani kwa majivuno. Anaruka polepole karibu na shina, anagusa jani, anaondoka, anarudi. Anachokitafuta ni vidukari, wale wadudu weusi wanaong'ang'ania ncha changa za kunde. Akiwapata anakunja fumbatio, zile pingili zinatoka moja baada ya nyingine, na yai moja jeupe linabaki kwenye jani, mfano wa punje ya mchele iliyopunguzwa hadi milimita moja. Kisha anakwenda kutaga lingine kwenye kundi jingine. Funza anayetoka humo hana miguu wala macho. Anapapasa kwa kichwa kushoto na kulia, akigusa kidukari anamnyanyua juu akamfyonza hadi libaki ganda. Hadi atakapokuwa pupa atakuwa amekula mamia.

Nilimwonyesha bibi yai. Aliinama muda mrefu, mkono mmoja magotini.

"Na mimi kila mwaka nawapiga," alisema.

Sikumjibu. Ninaona uchungu kila nikiona mtu akipulizia dawa ya wadudu kwenye kunde zenye mayai haya, au kwenye mikorosho saa ambayo maua yamejaa wageni. Mkulima ana haki ya kuilinda korosho yake dhidi ya mbu wa mikorosho, na njaa haisubiri utafiti. Lakini dawa haibagui, na anayeumia kwanza mara nyingi ni yule aliyekuwa hewani wakati ule.

Nilirudi Kitaya Desemba, maembe yakiwa yameiva. Safari hii bibi ndiye aliyekuwa na swali, tena alilitoa kabla sijamaliza kusema shikamoo. Alikuwa ametundikiwa mtego kwenye mwembe: chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa matundu ubavuni, ndani yake pamba iliyolowekwa kivutio. Ndani ya chupa, chini, walijaa nzi waliokufa, kiasi cha kujaza kiganja.

"Mtego unawaua kila siku," alisema, "na maembe bado yana funza. Kwa nini?"

Tuliwamwaga kwenye ungo. Nzi wa matunda, Bactrocera dorsalis, naye ni mwenye vazi la nyigu: mwili wa milimita 7 au 8, mistari miwili ya njano mgongoni, fumbatio la kahawia lenye alama nyeusi kama herufi T, kiuno kilichobanwa. Hapa macho hayasaidii, maana yameachana kwa dume na kwa jike. Tulitazama mikia. Jike ana mrija mgumu uliochongoka kama ncha ya sindano, anaoutumia kutoboa ganda la embe. Dume ana ncha butu. Bibi aliwatenga mmoja mmoja kwa kijiti cha ufagio, mwanzoni nikimsaidia, baadaye peke yake. Alipofika nusu ya ungo aliacha.

"Wote madume," alisema.

Ndiyo, wote. Kivutio kilichokuwa kwenye pamba ni methili eujenoli, kitu kilichomo katika mimea mingi, pamoja na baadhi ya mirehani, na kinavuta madume tu. Habari hii ina umri wa zaidi ya miaka 100. Mtaalamu wa wadudu F. M. Howlett, akiwa Pusa, India, aliandika mwaka 1912 kwamba mafuta ya sitronela, yanayotokana na nyasi za jamii ya mchaichai, yanawavuta nzi wa matunda, tena madume matupu. Mwaka 1915 akaeleza kwamba ni methili eujenoli iliyokuwa ikiwaita. Sababu ya dume kuipenda ilichelewa kujulikana. Akiila, mwili wake unaigeuza kuwa harufu ya kumwitia jike, na majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba madume waliokula hupata majike zaidi ya wasiokula. Anayeingia kwenye chupa ya bibi ni bwana harusi aliyekuja kununua manukato.

Je, kuwaua madume kunasaidia? Kunasaidia pale wanapouawa karibu wote. Kwenye kisiwa cha Rota, Bahari ya Pasifiki, nzi huyu alitokomezwa kwa njia hiyo, kwa vipande vya ubao vilivyolowekwa kivutio na sumu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1965. Rota ni kisiwa kidogo na kazi ilifanywa kisiwa kizima. Kwenye mwembe mmoja wa Kitaya, miembe ya majirani ikiwa haina mitego, madume wachache waliobaki wanatosha, kwa sababu dume mmoja hupanda majike wengi. Na jike aliyekwisha kupandwa hana shida na manukato. Yuko juu kwenye embe, na katika maisha yake anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Mtego uliojaa unamwambia mkulima kwamba nzi wapo. Haumwambii kwamba maembe yake yamepona. Kwa jike kuna chambo kingine, cha protini, kwa kuwa anahitaji protini ili mayai yake yakue. Kuna pia kazi ya zamani isiyopendwa, ya kuokota kila tunda lililoanguka na kulifukia kwa kina, pamoja na mabibo, kwa sababu humo pia nzi hutaga.

Nzi huyu hakuwa mwenyeji wetu. Mapema mwaka 2003 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walimkuta pwani ya Kenya. Mwaka huohuo ikabainika yuko Tanzania. Mwaka 2007 alionekana Cuamba, kaskazini mwa Msumbiji. Mto Ruvuma haukumzuia, kama usivyozuia maembe yanayovushwa kwa mtumbwi. Mwaka 2005 alipewa jina lake mwenyewe, Bactrocera invadens, kwa kuwa rangi zake zilitofautiana kidogo na za dorsalis wa Asia. Jina hilo lilileta gharama, kwa sababu nchi zinazonunua matunda huweka masharti kwa jina la mdudu. Kisha wanasayansi wakawaweka pamoja, madume wa Afrika na majike wa Asia, na kinyume chake. Walipandana bila kusitasita, wakapata watoto, na watoto nao wakazaa. Pamoja na ushahidi wa vinasaba na wa maumbile, hilo likamaliza ubishi. Tangu mwaka 2015 wanahesabiwa spishi moja, na jina invadens limewekwa kando. Madume na majike walitambuana haraka kuliko sisi tulivyowatambua.

Anayemuua nzi huyu kwa ustadi kuliko chupa yoyote ni nyigu wa kweli. Mwaka 2006 icipe ililetewa kutoka Hawaii nyigu mdogo mwembamba aitwaye Fopius arisanus, asiyemuuma mtu. Jike wake hutumia ule mrija ambao kwa nyigu wengine umekuwa mwiba kupenyeza yai lake ndani ya yai la nzi wa matunda. Yai la nzi linaanguliwa, funza anakula embe na kunenepa, na kwenye pupa anatoka nyigu mahali pa nzi. Mtwara kwenyewe tuna maji moto, sisimizi wanaoshona majani ya mikorosho kuwa viota. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele wamewapima kama walinzi wa mikorosho, na hata kuruka kwao kwa kupandana wamekufuatilia. Bibi anawajua maji moto kwa maumivu. Aliposikia kwamba nzi wa matunda hukwepa miti yenye maji moto, alitazama mwembe wake, kisha akatazama mkorosho uliojaa viota hatua ishirini tu kutoka hapo, akanyamaza.

Jioni ile nilimwomba nibaki chini ya mwembe. Jua lilipofika mwisho wa bonde, upande wa Msumbiji, mwanga ukawa wa kijivu. Kwenye majani ya pembeni madume walikuwa wamejipanga, kila mmoja na jani lake. Dume wa nzi huyu ana safu ya nywele ngumu kama kitana pande zote mbili za fumbatio, na jioni huzisugua kwa mabawa hadi itoke sauti nyembamba, mabawa yakitawanya ile harufu. Nilisogeza sikio. Ilikuwa kama mtu anayechana kitambaa mbali sana. Jike mmoja alitua kwenye jani, mrija wake ukionekana wazi dhidi ya mwanga, akatembea hadi mbele ya dume, akageuka akaondoka. Akaja mwingine. Huyo hakuondoka.

Baadaye bibi alikuja na tochi, kanga kichwani, akaniuliza kama nimelala huko. Nilimwonyesha upande wa chini wa jani. Walikuwa bado wameshikana, wametulia, na kwa nzi hawa kushikana huendelea mara nyingi hadi karibu na alfajiri. Bibi aliwamulika, akasogeza tochi hadi kwenye mkia wa aliye chini, akautazama vizuri.

"Huyu ndiye mwenye maembe yangu," alisema, akazima tochi.